Binondo kwa Miguu, na Peso 40 Mfukoni

Ukiona karatasi ya QR imebandikwa kwenye kibanda cha chakula, na wewe ni Mkenya, unajiona uko nyumbani. Ndivyo tulivyojiona sisi wawili pale Binondo, mtaa wa Wachina jijini Manila, Ufilipino. Simu iko mkononi, salio lipo, njaa ipo. Tukapiga ile karatasi na programu yetu ya Kenya. Ikakataa. Tukajaribu tena, mama wa kibanda akatuangalia kwa huruma, akasema GCash. Hiyo ndiyo pochi ya simu ya kwao, na ilianza mwaka 2004, miaka mitatu kabla ya M-Pesa kuzinduliwa hapa kwetu. Na sisi tulikuwa tayari kumpa somo!

Mfukoni tulikuwa na peso 300. Asubuhi zilikuwa 1,000.

Asubuhi hiyo tulianzia Intramuros, mji wa kale wenye kuta uliojengwa na Wahispania, tukavuka mto Pasig kwa Daraja la Jones. Ni mwendo mfupi, lakini una historia nzito. Wachina kutoka Fujian walikuwa wakileta hariri na vyombo vya kaure Manila, na merikebu za Kihispania zikivusha bidhaa hizo Bahari ya Pasifiki hadi Acapulco, Meksiko, kisha kurudi na fedha. Wahispania waliwahitaji hao wafanyabiashara na bado wakawaogopa. Wakawaweka kwenye mtaa wao nje ya kuta, mahali ambapo mizinga ingeweza kuwafikia, na mwaka 1603 Wachina waliuawa kwa maelfu. Binondo yenyewe ilitengwa mwaka 1594 kwa Wachina waliobatizwa, na ndiyo inayotajwa kuwa mtaa wa Wachina wa zamani zaidi duniani. Kama umewahi kupanda Fort Jesus, Mombasa, jua kwamba ujenzi wake ulianza 1593, chini ya mfalme yule yule, Felipe wa Pili, aliyetawala Uhispania na Ureno kwa pamoja. Jina la Ufilipino limetokana na huyo huyo.

Kanisa la Binondo lilianzishwa 1596. Liliharibiwa vibaya kwa mabomu mwaka 1944, lakini mnara wake wa pembe nane ulibaki. Hapo ndipo alipotumikia Lorenzo Ruiz, mtoto wa baba Mchina na mama Mfilipino, aliyeuawa Nagasaki mwaka 1637 na kutangazwa mtakatifu wa kwanza wa Ufilipino mwaka 1987. Ukifuata barabara ya Ongpin, yenye masonara kila upande, utakuta msalaba ukutani, umevikwa maua, na watu wanauwashia vijiti vya udi kama hekaluni. Tulisimama pale muda mrefu kuliko kanisani.

Sasa zile peso 700 zilienda wapi? Kalesa. Ni gari la kukokotwa na farasi. Tulisema tunatembea kwa miguu, lakini jua lilikuwa kali, na mwenye farasi akatutajia 350. Tuliposhuka, kumbe ilikuwa 350 kwa kila kichwa. Kwa hivyo kabla ya kupanda, uliza kwa sauti: ni ya wote wawili, mpaka wapi, kwa muda gani? Ni kama boda tu.

Tukala tambi za peso 260 kwa ile pesa iliyobaki. Zikabaki 40.

Pesa yetu ilikuwa kwenye simu, na ili kuihamisha hadi kwenye kadi tulihitaji namba ya uthibitisho inayotumwa kwa SMS. Mmoja wetu hakuwa amewasha huduma ya laini kufanya kazi nje ya nchi. SMS ikabaki huko huko angani. Sisi, ambao kazi yetu ni kukukumbusha mambo haya! Washa huduma hiyo ukiwa bado Kenya, na ujaribu kadi yako kabla ya kufika uwanja wa ndege. Bahati nzuri laini ya mwenzake ilikuwa imewashwa, na kadi yake ikafanya kazi kwenye ATM. Mashine ilikata peso 250 kwa kutoa mara moja tu, kwa hivyo tukatoa za siku mbili kwa mpigo mmoja badala ya kidogo kidogo. Ikiuliza kama ukatwe kwa peso au kwa sarafu ya kwenu, chagua peso, maana kiwango cha kubadilisha cha mashine mara nyingi kinakuumiza.

Omba noti ndogo pia. Vibanda havipendi noti ya 1,000.

Kisha tukarudi Ongpin kununua hopia, vikeki vidogo vyenye ndengu zilizopondwa na kutiwa sukari. Ndiyo, ndengu. Tulinunua pakiti mbili za kuleta nyumbani, na moja haikufika hotelini.