Mishono ya Fuvu la Mtoto

Siku ya kliniki huko Chogoria, katika hospitali iliyoanzishwa na wamisheni wa Uskoti mwaka 1922 kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, au kule Nkubu, au Embu mjini, mama aliyeteremka na mwanawe kutoka kwenye mashamba ya chai na kahawa humwona muuguzi akimpima mtoto uzito, kisha akimzungushia utepe kichwani, juu ya nyusi hadi kisogoni. Na aghalabu mama huyo hudhani kwamba uzito ndio jambo lenyewe, na utepe ni desturi tu.

Utepe huo unapima kazi iliyo kubwa mno. Mifupa ya paa la fuvu haikui kwa hiari yake, bali huufuata ubongo unaotanuka chini yake: mtoto aliyezaliwa kwa miezi kamili huwa na kichwa chenye mzingo wa sentimita 34 au 35 hivi, na atimizapo mwaka mmoja mzingo huo umekwisha kukaribia 46, jambo ambalo lisingewezekana kamwe lau mifupa hiyo ingalizaliwa imeshikamana. Kwa hiyo maumbile yameacha baina yao mishono ya utando, na kingoni mwa mishono hiyo ndimo mfupa mpya unamotandazwa, kidogo kidogo, kadiri ubongo unavyoisukuma mifupa. Wakati wa uzazi mifupa hiyo hupandiana ili kichwa kipate kupita. Mahali mishono inapokutana ndipo pana utosi laini, unaodunda kwa mapigo ya moyo: wa nyuma hufunga baada ya miezi miwili au mitatu, na wa mbele aghalabu kati ya mwaka mmoja na miaka miwili.

Pengine utosi uliobonyea hudhaniwa kuwa ni husuda, ukapakwa dawa, ilhali mara nyingi mtoto ameishiwa na maji kwa kuharisha, naye anahitaji kunyweshwa na kupelekwa kwa tabibu upesi. Ukitutumka hali mtoto ametulia, khofu ni maji kichwani au homa ya uti wa mgongo. Mshono nao ukifunga kabla ya wakati wake, kichwa hukua kombo. Basi, kwa maoni yangu, muuguzi anayeuruka utepe huo kwa haraka ya foleni amemnyima mtoto haki yake.

Uso, kinyume na paa la fuvu, hukawia kukua. Kwa mtoto mchanga ni kama sehemu moja kwa nane ya fuvu la ubongo. Kwa mtu mzima hukaribia nusu yake. Taya la chini huzaliwa vipande viwili, vikaungana kidevuni katika mwaka wa kwanza, kisha likaendelea kurefuka kwenye gegedu la kiungo chake karibu na sikio hadi baada ya balehe, likikisukuma kidevu chini na mbele, na meno ya utoto wakati huo wote yakiyahifadhia meno ya kudumu nafasi zao; ndiyo maana kuyang'oa mapema bila sababu ya tabibu huacha meno yajayo yakisongamana.