Digrii sina, mifumo naunda, na simiti nililipa

Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, mamangu alinyamaza siku mbili nzima. Hadi leo majirani wakimuuliza kijana wake anafanya kazi gani, hujibu, "Ako tu kwa kompyuta." Kweli niko kwa kompyuta. Naunda mifumo: zile programu zinazomwezesha mwenye duka kujua ameuza nini, nani amelipa na nani bado ana deni.

Vijana wengi huniuliza swali moja: ni lazima uwe na digrii? Wacha nianze na jibu chungu. Matangazo mengi ya kazi za benki na serikali hutaja digrii kabla ya kitu kingine chochote, na anayechuja barua huenda asisome zaidi ya hapo. Kama uko chuoni na karo ipo, kaa. Mimi nimejifunza usiku, peke yangu, mambo ambayo wenzangu walifundishwa darasani mchana.

Lakini sidhani digrii ingeniokoa siku ya simiti.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mtaani. Nikamuundia mfumo wa kupokea malipo ya M-Pesa: mnunuzi anapata ujumbe kwa simu, anaweka PIN, duka linaona amelipa. Nikaujaribu kwa simu yangu, ukakubali, nikajipiga kifua. Wiki ya pili jamaa fulani akaletewa ule ujumbe, akaukataa, na mfumo wangu ukaandika "amelipa". Akaondoka na mifuko mitatu ya simiti. Nililipa mimi.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Ukituma ombi la malipo, jibu la kwanza husema tu kwamba ombi limepokelewa. Jibu la pili ndilo lenye habari kamili: 0 maana yake pesa imeingia, 1032 maana yake mnunuzi amekataa. Mimi sikungoja la pili. Tena jibu hilo likija mara mbili usihesabu pesa mara mbili. Angalia kwanza kama nambari ya muamala ule tayari umeihifadhi.

Kwa hivyo mtu akinitajia lugha saba za kompyuta anazozijua, mimi humuuliza: stima ikipotea katikati ya malipo, mfumo wako unafanya nini? Wengi hucheka.

Chukua lugha moja, Python au JavaScript, uikalie miezi. Ongeza SQL, maana data ya mteja lazima ikae mahali. Jua Git, ili ukiharibu kazi jioni urudi kwa ile ya asubuhi, kisha uiweke GitHub ambako mwajiri ataiona. Masomo ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard na yale ya freeCodeCamp ni ya bure kwa intaneti. Gharama ni bando na laptopu, na hiyo si mchezo ukiwa huna kazi; yangu ilikuwa ya mtumba, betri imekufa. Na kabla hujaanza kukusanya nambari za simu za watu, soma Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Juzi mamangu ameniuliza kama naweza kuundia chama chao mfumo. Nimemwambia kwanza anieleze: mtu akileta nusu ya mchango, huwa wanaandika nini kwa daftari?