Usitupe mabaki ya uzi, fuma sweta jepesi la Julai

Baridi ya Julai jijini Nairobi ina ujanja wake. Asubuhi unatetemeka kwenye matatu. Kufikia saa nane jua limewaka, na koti zito limegeuka mzigo. Hapo sweta jepesi ndilo fiti, na huenda nusu ya uzi wake unao tayari chini ya kitanda.

Shida ya mabaki ni kwamba kila rangi ni kidogo, hakuna inayotosha sweta zima. Dawa ni moheri, uzi mwembamba wenye manyoya unaotokana na mbuzi wa Angora, wanaofugwa kwa wingi Afrika Kusini. Shika uzi mmoja wa moheri na mmoja mwembamba wa mabaki, ufume zote mbili kwa pamoja. Moheri ikipita sweta zima, rangi hushikana, hazikai kama viraka. Tumia sindano nene, milimita 5 au 6, vitanzi vibaki wazi na sweta liwe jepesi.

Lakini chunga: manyoya hayo hunasana, na kufumua ukikosea si mchezo. Fuma kwanza kipande cha sentimita 15 kwa 15, kioshe, kikauke, ndipo uhesabu vitanzi. Jioni moja ya kujaribu itakuokolea wiki nzima ya machozi.