Mizani ya Sumu

Katika mwaka 1961 maulamaa tisa wa Marekani, ambao kila mmoja wao alikuwa amekwisha kutumia sehemu kubwa ya umri wake katika kuzichunguza sumu, waliafikiana kuasisi jumuiya yao, Society of Toxicology, ili ilimu hiyo, iliyokuwa ikihesabiwa kitawi tu cha ilimu ya dawa, ipate kujitegemea. Na mwaka uliofuata wakafanya mkutano wao wa kwanza mjini Atlantic City.

Atakaye kufahamu haja ya jumuiya kama hiyo na ayazingatie yaliyotokea mwaka 1937, wakati kampuni moja ya Tennessee, ikitaka kuwarahisishia wagonjwa kumeza salfanilamaidi, dawa ambayo kwa vidonge ilikuwa imekwisha kuwaponya wengi, iliiyeyusha katika daiethilini glikoli, maji matamu ambayo kumbe huharibu mafigo, kisha ikaijaribu kwa sura, kwa ladha na kwa harufu, wala isiijaribu kwa sumu. Walikufa watu zaidi ya 100, na miongoni mwao watoto wadogo walionyweshwa na wazazi wao wenyewe kwa kutaraji shifaa. La kuhuzunisha zaidi ni kwamba sheria ya siku zile haikumlazimisha mtu kuipima dawa kabla ya kuiuza, hata serikali ilipotaka kuzikamata chupa zile ilishika hoja ya jina tu, kuwa zimeandikwa eliksiri ilhali hazina alkoholi ndani yake. Sheria ilirekebishwa mwaka 1938. Na katika maabara ya Chicago iliyoichunguza sumu ile kwa wanyama alikuwamo mwanafunzi mmoja, Frances Kelsey, ambaye zaidi ya miaka 20 baadaye, akiwa mtumishi wa serikali, alikataa kuipa idhini thalidomaidi, dawa iliyowalemaza maelfu ya watoto wa nchi nyingine wangali matumboni mwa mama zao.

Paracelsus, tabibu wa karne ya 16, alikwisha kufundisha kwamba kadiri ndiyo ikifanyayo kitu kuwa sumu. Lakini kadiri bila hesabu haimwokoi mtu. Hesabu hiyo aliitoa Arnold Lehman, mmoja wa wale tisa, pamoja na mwenzake Fitzhugh, mwaka 1954: kitwaliwe kiasi kikubwa kabisa kisichomdhuru mnyama, kigawanywe kwa 100, mara kumi kwa kuwa binadamu si mnyama, na mara kumi tena kwa kuwa binadamu hawalingani, mtoto na mzee, mzima na mgonjwa. Mimi naiona hesabu hii kuwa ni huruma iliyoandikwa kwa tarakimu.

Wala tusidhani kwamba kadhia hii ni ya ng'ambo. Mwaka 2004, Makueni na Kitui nchini Kenya, mahindi yaliyohifadhiwa yangali na unyevu yaliota kuvu, na sumukuvu yake, ambayo moto wa jikoni hauiondoi, ikawashika watu 317, wakafa 125. Basi wewe uliyevuna msimu huu, yaanike mahindi yako juu ya turubai, si juu ya udongo, yakauke barabara kabla ya kuyatia ghalani. Na yaliyoota kuvu usiyale, wala usimpe ng'ombe wa maziwa, kwani sumu ile hupita katika maziwa ikamrudia mtoto wako.