Mlio wa Ti-Ti-Ti Katika Injini, na Dhamana ya Gari Lililokwisha Tumika



Limetufikia katika tawi shauri la mwenzetu mmoja anayebeba abiria kati ya Arua na Koboko. Alinunua Toyota Probox iliyokwisha tumika katika yadi moja mjini Kampala, akapewa hati ya dhamana ya miezi 3 kwa injini na gia. Mwezi wa pili haujaisha, gari likaanza kulia kila asubuhi, ti-ti-ti, mfano wa cherehani. Siku moja alipofika Koboko alimwendea fundi aliye karibu na paki ya teksi. Fundi alisikiliza kidogo tu, akasema: "Hizo ni tapeti, ndugu yangu. Tunafungua sasa hivi, tunakaza." Kifuniko cha valvu kikafunguliwa, tapeti za kukaza hazikuonekana, kifuniko kikarudishwa kwa gundi, na mlio ukabaki pale pale. Mwenzetu alipopiga simu Kampala alipata jibu fupi: injini imefunguliwa na mtu mwingine, kwa hiyo dhamana imekwisha.

Tumeisoma hati yake. Maneno hayo yamo kweli, chini kabisa, kwa herufi ndogo. Kwa kuwa wanachama wengi wananunua magari ya namna hii, na wengi hawaisomi hati mpaka siku ya ugomvi, tumeona inafaa tueleze mlio huu ni kitu gani, na dereva afanye nini kabla spana haijagusa injini.

Kwanza ijulikane kwamba si kila mlio wa ti-ti-ti ni ugonjwa. Injekta za petroli hulia hivyo kila zinapofunguka na kufunga, na mlio wake ni mwepesi, wa haraka, hausumbui kitu. Valvu nazo zina sauti yake. Kila valvu hufunguka mara moja katika mizunguko miwili ya krankishafti. Hivyo injini ikizunguka mara 700 kwa dakika bila kukanyagwa mafuta, valvu moja iliyolegea itagonga mara 350, yaani karibu mara sita kwa sekunde. Mlio huo unatoka juu ya injini, nao huongeza mbio kadiri unavyokanyaga mafuta.

Sasa tumrudie fundi wa Koboko. Probox nyingi zilizoko huku zina injini ya petroli ya ujazo wa 1,500 ambayo Toyota huiita 1NZ-FE. Injini hiyo haina tapeti zenye skrubu ya kukaza, wala hazijirekebishi zenyewe kwa nguvu ya oili. Juu ya kila valvu kuna kikombe cha chuma, na nafasi kati ya kikombe na kamshafti hupimwa injini ikiwa baridi, kwa vibamba vyembamba ambavyo mafundi huviita fila. Upande wa kuingiza hewa nafasi iwe kati ya milimita 0.15 na 0.25, upande wa kutoa moshi iwe kati ya 0.25 na 0.35. Ikizidi, hakuna cha kukaza. Kamshafti hutolewa, na kikombe hubadilishwa kwa kingine chenye unene unaofaa. Hiyo ni kazi ya siku nzima, inataka vipimo na vikombe vya akiba. Fundi anayekuambia "tunakaza" katika injini hii hajapata kuifungua, hata awe hodari namna gani kwa magari mengine.

Mlio unaofanana sana na huo wa valvu ni wa moshi unaopenya kwenye gasketi ya menifoldi ya ekzosi. Wengi wetu tumedanganyika hapo. Dalili yake ni kwamba hulia kwa nguvu asubuhi injini ikiwa baridi, hasa gari likipanda mlima na mzigo, halafu hupungua au kunyamaza kabisa chuma kikipata moto na kutanuka. Ukitazama kwenye maungio ya menifoldi utaona masizi meusi. Plagi isiyokazwa vizuri hutoa mlio wa jamii hiyo hiyo, kwa kuwa hewa iliyobanwa katika silinda inapenya pembeni yake.

Mlio wa tatu ndio wa kuogopwa. Huu si ti-ti-ti. Ni ko-ko-ko, mzito, unatoka chini, na huzidi injini ikibeba mzigo. Hizo ni beringi za konrodi zimekwisha. Ukiusikia, au taa nyekundu ya oili ikiwaka pamoja na mlio wowote, zima injini hapo hapo ulipo, uwe Oraba au katikati ya njia. Usiseme utalisukuma mpaka Arua, kilomita zipatazo 55 kutoka Koboko. Gharama ya kuvutwa ni ndogo kuliko krankishafti, na muuzaji atakuwa na haki ya kukuuliza kwa nini uliendelea kuendesha.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni oili. Simamisha gari mahali tambarare, zima, ngoja dakika tano, futa kijiti, kichovye tena, usome. Injini hii hubeba oili lita 3.7 pamoja na filta, si nyingi; ikipungua lita moja tu umekwisha kuwa karibu na hatari. Tafadhali kipige kijiti hicho picha kwa simu kabla ya kuongeza chochote. Ikiwa oili imejaa, muuzaji hawezi kusema wewe ndiwe uliyeiua injini. Ikiwa imepungua, ni afadhali ujue mapema, maana hapo shauri lako limekuwa gumu, nasi hatutakuficha.

Kuna ujanja mmoja katika biashara hii. Gari lenye injini iliyochoka hutiwa oili nzito kupita kiasi, au dawa ya mkebe, likanyamaza siku ya kuuzwa. Mnunuzi akibadilisha oili kwa mara ya kwanza, akatia ile nyepesi iliyoandikwa katika kitabu cha gari, mlio unajitokeza. Basi tunza risiti ya kila oili uliyonunua, yenye tarehe na namba ya aina yake. Tangu sheria ya 2018 gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi haliruhusiwi kuingizwa Uganda, lakini hata lenye miaka kumi laweza kuwa limefanya kazi ya miaka ishirini.

Baada ya oili, sikiliza. Lala na gari lisipowashwa usiku kucha, uliwashe asubuhi mbele ya shahidi, urekodi sauti kwa simu tangu dakika ya kwanza hadi injini ipate moto. Chukua bisibisi ndefu, ncha iguse chuma, mpini uuweke sikioni, usogeze kutoka kifuniko cha valvu hadi menifoldi, mikono na nguo ziwe mbali na mkanda na feni. Hakuna boliti iliyofunguliwa, na tayari umejua mlio unatoka wapi. Halafu mwandikie muuzaji siku hiyo hiyo, utaje kilomita zilizosomeka, na umtake aseme gari likaguliwe wapi na nani. Simu peke yake haitoshi. Kutoka Arua mpaka Kampala kwa njia ya Pakwach na Karuma ni karibu kilomita 500, na nani alipe safari hiyo ni jambo la kuulizwa kabla ya kununua, wala si baada.

Na hati ikifa, je, haki imekufa? Kwa maoni yetu, hapana. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamtaka anayeuza kwa biashara atoe kitu chenye ubora wa kuridhisha, isipokuwa kwa kasoro aliyokuonyesha kabla ya mapatano. Dai lisilozidi shilingi milioni 10 laweza kupelekwa kwa utaratibu wa madai madogo wa mwaka 2011 mbele ya hakimu, bila wakili.

Gari la mwenzetu tulilisikiliza wenyewe asubuhi, likiwa baridi. Valvu hazikuwa na neno. Masizi yalikuwa kwenye menifoldi, karibu na silinda ya pili, na mlio ulinyamaza baada ya dakika saba. Ni gasketi, mahali ambapo fundi wa Koboko hakugusa kabisa. Tumeiandikia yadi hivyo, pamoja na picha, na kuuliza kufunguliwa kwa kifuniko cha valvu kumeiharibuje gasketi ya ekzosi. Jibu halijafika. Wanachama wenye hati za dhamana ambazo muda wake haujaisha wazilete ofisini pamoja na risiti, tuzisome kabla ya safari.