Siri ya Kigari Iko Chini

Mgeni akifika kwenye klabu yetu hapa Portsmouth akaona kigari kikikata kona kwa kasi, swali lake la kwanza huwa ni mota: ina nguvu kiasi gani? Mimi hukichukua kigari chenyewe, nikavua bodi yake nyepesi ya plastiki, nikakigeuza. Chini pale pana nyaya za feleji, vipande vya shaba ya manjano na alama za lehemu. Hiyo ndiyo chasisi, na hiyo ndiyo inayoshinda mashindano.

Vigari hivi hukimbia juu ya njia ya mbao iliyochongwa mifuo myembamba, kila kigari na mfuo wake. Puani pana ulimi wa plastiki unaoingia ndani ya mfuo, na kando ya ulimi kuna visuka viwili vya shaba vinavyogusa njia na kuchukua umeme, kwa kawaida wa volti 12. Usukani hakuna. Dereva husimama pembeni na kishikio mkononi, akiongeza moto na kuupunguza. Mchezo uliingia majumbani mwa watu mwaka 1957, Mwingereza Fred Francis alipotoa Scalextric. Kampuni yake, Minimodels, ilikuwa na kiwanda Havant, jirani kabisa na ninapoishi. Miaka ya 1960 ukapamba moto Marekani, na huko mafundi wengi wakaacha chasisi za dukani, wakawa wanaunga zao wenyewe kwa waya na shaba. Kazi hiyo ndiyo ninayoipenda.

Vigari ninavyounda ni vya kipimo cha 1/24, yaani gari halisi la mita 4.2 linakuwa la sentimita 17.5. Kikiingia kona, pua imeshikwa na ulimi, haina pa kwenda. Uzito uliobaki unataka kunyoosha mbele, kwa hiyo mkia ndio unaotoka nje. Matairi ya sponji ya nyuma yakishika kupita kiasi, kigari hakitelezi, kinapinduka. Yasiposhika vya kutosha, mkia unazunguka mpaka ulimi unachomoka. Fundi hutafuta katikati ya hayo mawili kwa kuamua mambo mawili: uzito ukae wapi, na chuma kilegee wapi.

Uzito hukaa chini. Sentimita moja ya ujazo ya shaba ya manjano ina gramu 8.5 hivi, na ndiyo sababu tunailaza chini kabisa, milimita moja na kidogo juu ya njia, tukiitandaza hadi karibu na ukingo wa bodi. Waya wa feleji, ule wa nyuzi za piano, ndio uti wa mgongo. Huungana na kibao cha ulimi mbele na kishikizo cha mota nyuma. Waya mnene hufanya kigari kikakamae. Mwembamba hukiacha kijipinde kidogo.

Kulehemu nilijifunza Mombasa, kwenye kibanda cha kutengeneza redio. Lehemu ya redio, yenye bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, na hapa inafaa pia. Tofauti ni kwamba shaba nene hunyonya joto upesi, hivyo chuma cha kulehemia kiwe na ncha pana. Nasugua feleji kwa msasa hadi ing'ae, napaka flaksi ya asidi, nafungua dirisha, kisha nashikiza ncha kwenye kiungo na kusubiri. Lehemu ikikubali, inakimbia: utaona mstari wa fedha ukipenya chini ya waya na kutokeza upande wa pili. Ikibaki tone la duara, imekataa, hata kama inaonekana imeshika. Kazi ikiisha naosha chasisi kwa maji na magadi, maana asidi iliyobaki italeta kutu.

Halafu naiweka juu ya kioo. Sisi tuliocheza na magari ya waya utotoni tunajua kwamba fremu ikipinda nywele moja tu, gurudumu linaelea. Nagusa kila pembe kwa kidole. Pembe ikitikisika, kiungo kinayeyushwa na kupangwa upya.

Sasa ule ulegevu. Ile shaba ya pembeni huwa ni vibao, na vibao hivyo havilehemiwi kwenye uti wa mgongo. Nakata vijibomba vya shaba, navilehemu kwenye vibao, kisha napitisha waya ndani yake viwe bawaba. Ukitikisa chasisi utasikia ikichacharika, na mgeni hudhani imekatika. Ulegevu huo usiofika milimita moja ndio unaomeza mtetemo ambao ungerusha matairi ya nyuma. Kigari kikirukaruka kwenye kona, nauongeza kidogo. Kikilegea mno, naziba nafasi kwa kipande cha waya. Nikiona ulimi unataka kuchomoka wakati wa kuongeza moto, nabandika kipande cha risasi karibu na pua.

Siku hizi kuna chasisi za chuma zilizokatwa kwa leza, za vipimo sahihi na za kasi ajabu. Naziheshimu. Lakini vijana wa klabu yetu nawaanzisha na nyaya mbili, kibao cha mbele na kishikizo cha mota, bila bawaba yoyote. Wakiikimbiza hiyo kwanza wataona mkia unavyoruka, na bawaba ya kwanza wanayoongeza wanajua imekuja kutibu nini. Baada ya hapo, hata wakinunua chasisi ya leza, wataitazama na kujua kila tundu lake limekatwa kwa sababu gani.