Mpangaji wa Ala: Ada za Kila Mwezi na Uchakazaji wa Makusudi katika Studio za Majengo

Wakongwe wa Majengo, mtaa ulioko Pumwani mashariki mwa jiji la Nairobi, wanaifahamu vyema tofauti iliyopo baina ya kumiliki nyumba na kumiliki mahali nyumba iliposimama. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipoanza kuvifunga vijiji vya Waafrika vilivyotapakaa mjini, watu waliruhusiwa kujenga nyumba zao wenyewe huko Pumwani: nyumba za miti na udongo kwa mtindo wa Kiswahili, zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili. Nyumba ilikuwa mali ya aliyeijenga. Kiwanja kilibaki kuwa cha Manispaa, nacho kililipiwa kodi. Wenye nyumba wa kijiji cha Pangani waliuonja uchungu wa mpango wa namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 1930, kijiji chao kilipobomolewa na wengi wao kuhamishiwa Shauri Moyo.

Historia hiyo inamfaa yeyote anayetaka kulielewa lalamiko linalosikika leo katika studio ndogo za muziki za Eastlands. Mtaa wa California, ulio jirani na Majengo, ndio ulioipa jina lebo ya Calif Records, iliyoanzishwa na Jua Cali pamoja na mtayarishaji Clemo mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuueneza mtindo wa genge. Studio ya kawaida katika mitaa hii ni chumba kimoja cha kupanga. Humo mna tarakilishi (au kompyuta, kwa wale ambao bado hawajaridhiana na neno hilo), maikrofoni, spika mbili, na blanketi ukutani la kumeza mwangwi. Nje hamna kibao; wanaohitaji kupajua wanapajua. Lililobadilika si chumba wala blanketi, bali uhusiano wa mtayarishaji na vifaa vyake.

Katika enzi ya santuri na kanda, uhusiano huo ulikuwa rahisi kueleza. Aliyenunua gramafoni alikuwa na gramafoni. Ikiharibika, kulikuwa na fundi. Kanda iliyojikunja ilinyooshwa na kurudishwa kwa kalamu ya wino iliyopenyezwa katika tundu lake, na spika iliyopasuka ilifungwa koili upya. Kifaa kilichakaa, naam, lakini kilichakaa kwa kutumika, na mwenyewe ndiye aliyeamua siku ya kukitupa. Hadi leo lipo duka la santuri katika Soko la Kenyatta, Nairobi, ambalo wateja wake hucheza sahani zilizotengenezwa kabla wao hawajazaliwa.

Studio ya leo inategemea programu, na programu nyingi haziuzwi tena, hukodishwa. Mtumiaji hulipa ada ya kila mwezi au ya kila mwaka, na siku anapokosa kulipa, ala hunyamaza. Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kutua kidogo, kwani lugha yenyewe inafichua jambo. Baadhi ya waandishi hutumia istilahi ‘uchakavu uliopangwa’ kuelezea desturi ya kutengeneza kifaa ili kisidumu. Istilahi hiyo ina kasoro. Kitenzi ‘chakaa’ hakimtaji mtendaji: nguo huchakaa, kiatu huchakaa, na hakuna wa kulaumiwa. Tukikinyambua kuwa ‘chakaza’, mtendaji hujitokeza mara moja, kwa hivyo ‘uchakazaji wa makusudi’ ni istilahi iliyo aminifu zaidi kwa maana yake. Tena kitenzi ‘panga’ kina maana mbili: kuandaa jambo mapema, na kuishi katika nyumba ya mtu kwa kodi. ‘Uchakavu uliopangwa’ unabeba basi fumbo ambalo huenda halikukusudiwa na waliouunda msamiati huo, lakini mtayarishaji wa Majengo atalielewa pasipo kufafanuliwa.

Wazo lenyewe si jipya. Mnamo 1924 kampuni kubwa za balbu za Ulaya na Marekani ziliunda muungano uliojulikana kama Phoebus, zikakubaliana kuwa balbu isidumu zaidi ya saa 1,000, na kiwanda kilichotengeneza balbu ya kudumu zaidi kikatozwa faini. Mwaka 1932 Mmarekani Bernard London aliandika kijitabu akipendekeza vitu vipewe muda rasmi wa kufa ili viwanda viamke katika mdororo wa uchumi. Tofauti ya sasa ni kwamba kifaa hakihitaji kuungua. Inatosha kiwanja kiondolewe chini yake.

Mfano ulio wazi ni wa mwaka 2008. Kampuni ya Microsoft ilitangaza kwamba ingezizima seva zilizotoa ruhusa za kucheza nyimbo zilizonunuliwa katika duka lake la MSN Music. Wateja walikuwa wamelipa. Nyimbo zilikuwa zao. Lakini bila seva hizo nyimbo zisingeweza kuhamishiwa katika tarakilishi mpya. Baada ya malalamiko, muda uliongezwa hadi mwisho wa 2011. Mwaka 2019 Apple ilitoa mfumo wa Catalina ambao ulikataa kabisa programu za biti 32, na ala nyingi za kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi vizuri jana zikawa hazifunguki leo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft nayo ilikomesha huduma za kawaida kwa Windows 10, ilhali tarakilishi nyingi zilizonunuliwa mtumba hazikidhi masharti ya Windows 11. Kadi ya sauti haina hitilafu yoyote. Ila programu ndogo inayoiwezesha tarakilishi kuitambua haitaandikwa tena. Hakuna fundi wa Gikomba anayeweza kuitengeneza hitilafu hiyo, kwa sababu hakuna kilichovunjika.

Suala la ada lina uchungu wake wa pekee. Machi 2023 kampuni ya Waves, inayotengeneza programu za kusafisha na kupamba sauti, ilitangaza kwamba haitauza tena leseni za kudumu na kwamba kila mteja atalipia kwa kipindi. Watayarishaji wa pande zote za dunia walipiga kelele, na baada ya siku chache tu kampuni ikarejesha leseni hizo. Waliolalamika Ulaya walilalamikia kanuni. Aliye Majengo ana hesabu nyingine juu ya kanuni. Ada hizo aghalabu hutozwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2020 dola moja ilikuwa takriban shilingi 100 za Kenya. Januari 2024 ilikuwa imefika 160. Ada ya dola 10 ilipanda basi kutoka shilingi 1,000 hadi 1,600 bila kampuni kupandisha bei hata senti moja, na huduma za kidijitali kutoka nje hutozwa pia kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16. Mapato ya studio, kwa upande mwingine, hayana mwezi. Msanii huja akiwa na fedha au akiwa na ahadi.

Haitakuwa haki kuwasilisha upande mmoja tu. Waandishi wa programu hulipwa mishahara, na kazi ya kuirekebisha programu haikomi siku inapouzwa. Ada ndogo pia humfungulia mlango kijana asiyeweza kulipa mamia ya dola kwa mkupuo. Isitoshe, ni siri ya wote kwamba wengi katika mitaa hii walijifunzia kazi kwa programu zilizonakiliwa kinyume cha sheria. Hata hivyo, zipo kampuni zinazoonyesha kwamba njia nyingine inawezekana. Image-Line ya Ubelgiji, watengenezaji wa FL Studio, humpa mnunuzi masasisho ya bure kwa maisha, na Reaper huuza leseni ya mtu binafsi kwa dola 60, malipo ya mara moja.

Wakati huohuo watayarishaji wamejibunia kinga zao. Tarakilishi ya kurekodia huondolewa kabisa kwenye intaneti ili isijisasishe. Kazi ikimalizika, kila sauti, kuanzia ngoma hadi besi na mwimbaji, huhifadhiwa peke yake kama faili la kawaida la sauti, ili wimbo uweze kufunguliwa hata programu iliyouzaa ikifungwa. Kinga hii hula nafasi ya diski na hula muda, na msanii anayengoja wimbo wake mlangoni haoni kwa nini anacheleweshwa.